Binti Yangu ni Daktari wa Hesabu: Niuze Shamba Aende Ujerumani?

SWALI

Kwako Mshauri, nakuandikia kutoka Mumosho. Mimi ni baba wa watoto saba, mkulima wa kahawa na migomba. Mtoto wangu wa tatu, binti, amesoma hadi mwisho. Mwaka jana alipata udaktari wa hesabu huko Bujumbura, na sasa anafundisha masaa machache mjini Bukavu kwa malipo yanayoishia kwenye nauli. Nilidhani tumemaliza. Sasa ananiambia anatafuta kitu kinachoitwa postdoc huko Ujerumani, katika hesabu za optimizesheni. Ameandika barua nyingi, hakuna anayejibu.

Kuna komisionere mmoja mjini anayesema ana nafasi tayari katika chuo cha Ujerumani. Anataka dola 1,800, nusu sasa, nusu viza ikitoka. Pesa hiyo sina. Nilicho nacho ni kipande cha shamba upande wa Ruzizi ambacho marehemu baba yangu alikipata kwa desturi ya kalinzi, akatoa ng'ombe wake. Kaka zangu wanasema nikiuza nitakuwa nimeuza ukoo kwa ajili ya msichana ambaye ataolewa na Mzungu asirudi tena. Mama yake halali, anasema tukimzuia tutakuwa tumemfunga mtoto kamba miguuni.

Hiyo postdoc ni masomo au ni kazi? Kama ni masomo, mtu anamaliza kusoma lini? Niuze au nisiuze?

Baba mwenye wasiwasi, Mumosho

JIBU

Mzee wangu, nimeisoma barua yako. Kwa kuwa nyumba nzima inangoja neno moja, nalitanguliza: usiuze. Sisemi hivyo kwa kuwa binti yako hastahili, wala kwa kuwa kaka zako wameshinda. Usiuze kwa sababu hicho unachotaka kununua hakiuzwi.

Postdoc ni kazi. Mtu aliyekwisha kupata udaktari huajiriwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, afanye utafiti katika kikundi cha profesa fulani. Halipi ada, analipwa. Katika vyuo vikuu vya majimbo ya Ujerumani mshahara mara nyingi hufuata mkataba wa pamoja unaoitwa TV-L, na mwenye udaktari kwa kawaida huwekwa daraja la 13. Kwa ajira ya siku nzima hiyo ni zaidi ya yuro 4,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi, bima ya afya na akiba ya uzeeni. Mtu aliye peke yake hubaki na kama theluthi mbili, pengine pungufu kidogo, na kodi ya nyumba Berlin au München huila sehemu nzuri ya hiyo. Si utajiri, lakini ni mshahara wa mtu mzima, wenye bima na likizo.

Kuhusu swali lako la pili, binti yako amemaliza kusoma. Udaktari ni ushahidi kwamba anaweza kufanya utafiti akiwa na msimamizi pembeni. Miaka inayofuata ndiyo ya kujijengea jina, kama fundi aliyekwisha kufuzu anayeingia kwanza karakana kubwa ya mtu mwingine kabla ya kufungua ya kwake.

Lakini ujue pia upande wa pili, ili asiende na ndoto ya kukaa. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2007 inayohusu mikataba ya muda ya watafiti. Kwa sehemu kubwa ya sayansi, inaruhusu miaka 6 ya mikataba ya namna hiyo baada ya udaktari, basi. Baada ya hapo mtu apate uprofesa, atafute kazi viwandani, au aondoke. Wajerumani wenyewe wanalia nayo. Juni 2021 maelfu yao walisimulia maisha yao mitandaoni kwa jina la Hanna, mtafiti wa kubuni katika filamu fupi ya wizara ya elimu na utafiti iliyosifu mikataba hiyo. Kwa hiyo anayemwambia binti yako kwamba postdoc ni mlango wa kuishi Ulaya daima anamdanganya, hata kama hachukui senti.

Sasa tuje kwa huyo komisionere. Chuo kikuu cha Ujerumani hakimtozi mwombaji kazi pesa, wala hakina wakala Bukavu. Mkataba wa kazi haupatikani kabla ya usaili, na siku hizi usaili huo hufanywa kwa video, ambapo binti yako ataulizwa juu ya tasnifu yake na mtu anayeielewa. Kama hakuna aliyemuuliza swali la hesabu, hakuna nafasi. Mwite huyo bwana, mketi naye mchana mbele ya binti, umuulize mambo matatu. Profesa ni nani na yuko idara gani? Tangazo la kazi liko wapi kwenye tovuti ya chuo, na namba yake ya kumbukumbu ni ipi? Na kwa nini pesa iende kwenye simu yake? Atakwambia ni siri ya kazi. Hapo umepata jibu.

Tena angalia alivyoipanga hiyo bei. Nusu ya pili, ile ya viza ikitoka, ni chambo cha kukufanya umwamini. Anachokitaka ni dola 900 za kwanza. Na hasara kubwa zaidi haiko kwenye pesa. Akimpa binti yako barua ya kughushi, naye akaipeleka ubalozini, yeye ndiye atakayekamatwa na uongo, na jina lake litabaki na doa siku atakapokuja na barua ya kweli.

Mzee wangu, sehemu inayofuata mpe binti yako asome mwenyewe.

Mdogo wangu, hongera kwa udaktari. Baba yako anasema umeandika barua nyingi bila kujibiwa. Naweza kukisia zilivyo, kwa sababu nyingi za namna hiyo hufanana: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni daktari wa hesabu kutoka Kongo, naomba nafasi yoyote katika kikundi chako." Kisha wasifu wa kurasa sita. Profesa hupata barua kama hizo kutoka pande zote za dunia. Hawezi kujua kama imeandikwa kwake au kwa watu mia, basi anaifuta. Hakukukataa wewe, maana hajakuona.

Barua inayosomwa hutaja kazi ya huyo anayeandikiwa na kuweka mezani kazi ya anayeandika. Na wewe kazi hiyo unayo mlangoni. Maji ya Ziwa Kivu hutoka Bukavu yakapita kwanza Ruzizi I, mtambo wa mwisho wa miaka ya 1950, kisha yakafika kwenu Mumosho kwenye Ruzizi II, uliofunguliwa 1989, wenye uwezo wa karibu megawati 44. Huo wa pili uko chini ya SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi, na umeme wake hugawiwa nchi zote tatu. Kila mtu wa Bukavu amewahi kuona chupa za plastiki zilivyojaa mbele ya lango la maji. Zikizidi, mashine husimamishwa zitolewe, na mji unaingia gizani.

Ukiutazama kwa jicho la hesabu zako, mto huo ni swali zima la optimizesheni. Mashine ipi isimamishwe ili isafishwe, saa ngapi, na kwa muda gani, wakati nchi tatu zote zinataka umeme jioni? Maji kiasi gani yaachiwe juu, ili mtambo wa chini usikae na njaa na ziwa lisishuke kupita kiwango? Kuna mambo ya kuamua, kuna mipaka isiyovukwa, kuna lengo la kufikia. Andika mfano mdogo wa swali hilo. Ofisi kuu ya SINELAC iko Bukavu, peleka ombi rasmi la takwimu. Wakichelewa, anza na takwimu za kubuni na useme wazi kwamba ni za kubuni.

Chombo cha kukokotoa nacho hakikugharimu kitu. Taasisi ya Zuse ya Berlin, iliyoanzishwa 1984 na kupewa jina la Konrad Zuse, mhandisi aliyekamilisha kompyuta yake ya Z3 mwaka 1941, ndiyo iliyotengeneza programu ya SCIP ya kutatua maswali ya namna hii. Tangu 2022 leseni yake ni huru kwa kila mtu. Unaipakua mjini siku mtandao ukiwa mzuri, unarudi nayo Mumosho, na kompyuta ya kawaida inatosha kwa mfano wa mitambo miwili. Ukikwama, umepata swali la kweli la kumwuliza mtu wa Berlin.

Halafu tafuta wanaofanya jambo la jirani. Kuanzia 2014, wanahesabu wa Erlangen, Berlin, Darmstadt na miji mingine waliunganishwa katika mradi mkubwa wa DFG, shirika linalofadhili utafiti Ujerumani, wachunguze namna ya kuendesha mitandao ya mabomba ya gesi. Kaiserslautern kuna taasisi ya Fraunhofer ya hesabu za viwandani. Magdeburg kuna taasisi ya Max Planck inayoshughulikia mifumo ya kiufundi inayobadilika kwa wakati. Usiandikie taasisi, mwandikie mtu mmoja ambaye umesoma makala yake hadi mwisho. Barua yako iwe hivi:

"Nimesoma makala yenu juu ya ratiba ya matengenezo. Nimeijaribu njia yenu kwenye mitambo miwili ya mto Ruzizi, mpakani mwa Kongo na Rwanda. Kwa siku saba inafanya kazi vizuri. Nikifika siku thelathini inachelewa mno, na nadhani sababu ni namna nilivyoandika sharti la kiwango cha ziwa. Naambatisha kurasa nne na programu niliyoandika. Nilipata udaktari mwaka jana na natafuta nafasi ya utafiti. Je, mna nafasi mwaka ujao, au mngekubali kuwa wenyeji wangu nikiomba ufadhili?"

Ni mistari michache, na kila mmoja una kitu ndani. Watano wakipata barua za namna hiyo, zilizoandikwa kila moja kivyake, umefanya zaidi ya kuandikia mia. Iandike kwa Kiingereza. Kifaransa chetu kimetulea, lakini katika vikundi vya hesabu vya Ujerumani lugha ya kazi ni Kiingereza, na kama Kiingereza chako kinachechemea, hapo ndipo pa kutia jasho mwaka huu. Kijerumani kitakuja cha duka na cha ofisi ya manispaa.

Ile sentensi ya mwisho ya barua, ya kuwa wenyeji, usiidharau. Profesa wengi hawana pesa ya kukuajiri ila wana kiti na meza. Wakfu wa Alexander von Humboldt hulipia watafiti wa kigeni, na kwa walio ndani ya miaka 4 tangu udaktari huweza kutoa hadi miezi 24. Hauna mgao kwa nchi. Unachohitaji ni makala zilizochapishwa, mpango wa utafiti, na mwenyeji aliyekubali kwa maandishi. Hutoa pia mchango wa nauli na kozi ya Kijerumani. Saa yako ya miaka 4 imeshaanza kuhesabu, kwa hiyo chapisha tasnifu yako kama makala kabla ya jambo lingine lolote. Umoja wa Ulaya nao una ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa wenye udaktari wa taifa lolote, na ushindani wake ni mkali. Nafasi za kuajiriwa moja kwa moja hutangazwa kwenye tovuti za vyuo na kwenye EURAXESS, bure. Matangazo mengi ya Ujerumani huandika kwamba wanawake wanahimizwa kuomba. Yachukue maneno hayo kwa uzito.

Usiruke Kigali. AIMS, ile taasisi ya hesabu ya Kiafrika iliyoanzia Afrika Kusini 2003, ina kituo Rwanda tangu 2016, na Wakfu wa Humboldt umefadhili viti vya utafiti vya Kijerumani katika vituo vyake. Ukivuka Ruzizi asubuhi, basi linakufikisha Kigali siku hiyohiyo. Omba kuhudhuria semina, omba kusimama ueleze mitambo yako kwa nusu saa. Mtu mmoja aliyekusikia ukieleza anaweza kukuandikia barua ya ushuhuda ambayo profesa wa Erlangen ataiamini. Na ulijue shirika la OWSD lenye makao Trieste, Italia. Limewahi kuwapa wanasayansi wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi ruzuku za kuongoza utafiti wakiwa nchini mwao. Ujerumani isiwe mlango pekee unaoubisha.

Mzee wangu, nimerudi kwako. Kuna gharama za haki, na hizo ndizo za kujipanga: pasipoti, nakala za diplome zilizothibitishwa na kutafsiriwa, intaneti, safari ya Kigali. Chuo au ubalozi ukitaka uthibitisho kwamba diplome yake inatambuliwa, Wajerumani wana orodha iitwayo anabin inayoonyesha hadhi ya vyuo vya kigeni; kuitazama ni bure. Viza ya muda mrefu hutozwa yuro 75, nayo huombwa kwa ubalozi na mwombaji mwenyewe, akiwa na mkataba au barua ya ufadhili mkononi. Kubwa ni safari zenyewe, kwa kuwa tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 benki zilifungwa na ndege za uwanja wa Kavumu zikakoma, na kufika Kinshasa, uliko ubalozi, kumekuwa ni kuzunguka kupitia nchi za jirani. Hiyo yote ni pesa inayotoka kidogo kidogo, kila moja kwa ofisi inayotoa risiti. Msimu mmoja wa kahawa na mchango wa ndugu vinaweza kuibeba. Na ile kubwa, ya safari ya ubalozi, haitoki mpaka barua ya kweli iwepo.

Hao kaka zako sitawadharau. Shamba la kalinzi lina makaburi na lina majina, na mwenye kulilinda hana kosa. Lakini wasiufiche wivu chini ya mila. Kama ni kijana wa kiume aliyekuwa anaomba, wangeuliza habari za Mzungu? Binti yako anaweza kuolewa na Mjerumani. Anaweza pia kuolewa na mtu wa Kamanyola akahamia huko, na asionekane Mumosho zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kuolewa hakungoji pasipoti. Mtoto uliyemsomesha hadi udaktari ana umri wa kujua nani anafaa.

Kuhusu kurudi, kuweni wakweli pande zote. Msimwapishe kwamba atarudi, wala yeye asiwaapie. Nchi yenye vita haiwezi kumdai mtu kiapo cha namna hiyo. Ila mkumbushe kwamba mikataba ya huko ina mwisho, na kwamba huku daktari ndiye anayeweza kupandishwa uprofesa. Akija na makala zilizochapishwa na wenzake wa Ulaya wanaomjibu simu, wanafunzi wa Bukavu watapata mwalimu ambaye sasa hawana. Na swali la Ruzizi litakuwa bado linamngoja, maana Ruzizi III imepangwa kujengwa chini ya mitambo hiyo miwili, kubwa kuizidi yote, na itahitaji watu wa kuipigia hesabu ambao hawakutoka ng'ambo.

Basi nifunge hivi. Komisionere asipewe hata dola moja, na kipande cha kalinzi kibaki kwa jina la nyumba yako. Binti apewe mwaka mmoja wa utulivu: chumba, taa, intaneti, na asitumwe sokoni kila asubuhi wala kuulizwa kila jioni kama Wajerumani wamejibu. Mwaka ukiisha ahesabiwe kwa makala alizochapisha na barua tano alizoandika vizuri. Akikosa Ujerumani, makala hizo hazipotei. Bukavu, Kigali na Bujumbura nako zinasomwa. Waite kaka zako, uwasomee jibu hili mbele ya Mama na binti mwenyewe, kisha mkubaliane nani atachangia nini.